Magugu yaliyopandwa kwa kamba: kisa cha ramani ya rada mbele ya Ghuba ya Mwanza

Ramani ilipendeza macho. Maji yalipakwa buluu, nchi kavu nyeupe, magugu maji kijani kibichi. Pembezoni mwa Ghuba ya Mwanza kulikuwa na mabaka madogo ya kijani yasiyo na umbo, yamejibana kwenye vihori na karibu na mafunjo, na hayo hayakumshangaza mtu. Kilichoshangaza kilikuwa nje, kwenye maji mapana. Mkanda wa kijani wenye upana wa kilomita kadhaa ulishuka magharibi mwa kisiwa cha Ukerewe, umeinama kidogo, ukapita mbele ya mdomo wa ghuba na kuishia palipoanza nchi kavu. Upande wake mmoja ulikuwa umekatika mnyoofu kabisa. Upande wa pili ulififia taratibu hadi ukapotea ndani ya buluu.

Waliouchora ni kikundi cha vijana wa hapa Mwanza wanaofanya kazi za ramani, na waliowatuma ni wafugaji wa samaki wa vizimba. Mfugaji wa vizimba ana sababu ya kuogopa magugu. Yakisukumwa na upepo yakaegemea kizimba, hewa ndani ya maji hupungua, nyavu huvutwa, na mtumbwi unaopeleka chakula haupiti. Gugu hili lenye asili ya Amerika ya Kusini limeonekana Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 lilifunga ghuba na mialo mingi, kabla ya wadudu wa jamii ya Neochetina, walioachiliwa makusudi walile, kusaidia kulipunguza. Halijaisha. Huja na kuondoka, na upepo wa siku moja unatosha kulihamisha kutoka mwalo mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana wafugaji walitaka ramani itakayorudiwa kila setilaiti inapopita.

Kabla ya kuikabidhi, binti aliyesimamia kazi aliipeleka Igombe kwa nahodha wa mtumbwi wa dagaa, mtu mzima anayeyajua maji yale. Akamwamkia, akampa simu aitazame.

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema, akaikuza picha kwa vidole. "Sasa haya ya huku nje kayapanda nani kwa kamba?"

Usukumani pamba hupandwa kwa kamba ili mistari inyooke, na hakuna mtu wa huku ambaye angehitaji kufafanuliwa utani huo. Mzee akaongeza kuwa usiku wa kuamkia siku ya picha ile walikuwa humo humo wakivua kwa taa mpaka kunakucha, na hawakugusa jani hata moja. Binti hakubishana naye. Aliomba faili ziangaliwe upya tangu mwanzo, na hapo ndipo zilipofika mezani kwangu.

Picha ilivyopigwa

Picha ilitoka kwa Sentinel-1, setilaiti za rada za Ulaya ambazo data zake hutolewa bure. Ya kwanza ilirushwa Aprili 2014. Huzunguka kwenye kimo cha kilomita 693 hivi, na katika hali yake ya kawaida juu ya nchi kavu na maziwa hupiga picha ya eneo lenye upana wa kilomita 250. Rada haingoji jua wala haizuiwi na mawingu. Kwa Mwanza wakati wa masika, hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aziache picha za kamera. Antena hutuma wimbi lenye urefu wa sentimita 5.5 hivi kwa pembeni, si chini moja kwa moja, kisha husikiliza mwangwi.

Maji tulivu hurudisha mwangwi mdogo sana. Uso uliolala huliakisi wimbi kwenda mbele, mbali na setilaiti. Upepo ukitia viwimbi vya sentimita chache mambo hubadilika, kwa sababu viwimbi vya urefu fulani huoana na wimbi la rada na kurudisha mwangwi kwa pamoja; wimbi likishuka kwa mwinamo wa nyuzi 35 kutoka wima, urefu huo ni karibu sentimita 4.8. Magugu yana tabia yake. Majani na mashina hulirusha wimbi huku na huku, na sehemu yake hurudi ikiwa imegeuka mkao: imetumwa ikitikisika wima, imerudi ikitikisika mlalo. Chaneli inayonasa mawimbi yaliyogeuka hivyo huitwa VH, na kwa kutenganisha jani na maji ndiyo yenye faida. Vijana walichagua VH, na mimi pia ningeichagua.

Ila VH ndiyo pia chaneli dhaifu. Maji hayaligeuzi wimbi isipokuwa kidogo mno, kwa hiyo ziwa lililotulia huwa karibu kimya humo. Pakiwa kimya kiasi hicho, mtambo huanza kujisikia wenyewe.

Kelele mbili, dawa mbili

Kila kipokezi cha redio, kiwe cha mkulima au cha setilaiti, kina kelele inayotokana na joto la vifaa vyake. Kwa joto la kawaida la chumba ni kiasi cha wati 4 zikigawanywa kwa 1 yenye sifuri 21 mbele yake, kwa kila hezi moja ya masafa. Ni kidogo kupita kiasi, lakini mwangwi uliokwenda na kurudi kilomita mia kadhaa nao ni kidogo kupita kiasi. Wahandisi wa rada za picha hulitazama jambo hili kwa swali moja: uso wa chini ungepaswa kurudisha mwangwi wa kiasi gani ili ulingane sawasawa na kelele ya mtambo? Jibu hutolewa kwa desibeli, kipimo ambacho kila kushuka kwa 10 ni nguvu kugawanywa kwa kumi. Kwa Sentinel-1 sharti lilikuwa kiwango hicho kisizidi -22, na mtambo halisi kwa kawaida hufanya vizuri kuliko sharti.

Uwiano wa ishara kwa kelele ni hesabu ya kugawanya tu: mwangwi wa kweli juu, kelele chini. Vikilingana, ni desibeli 0. Mwangwi ukiwa mara kumi ya kelele, ni 10. Kelele ikiwa mara nne ya mwangwi, ni karibu -6. Picha bado itatoka hata kwenye -6. Programu haitapiga mayowe, kila pikseli itakuwa na namba, na namba hiyo itakuwa inasimulia habari za kipokezi zaidi ya habari za ziwa.

Kelele hiyo haiko sawa picha nzima. Sentinel-1 haipigi kilomita 250 kwa jicho moja. Hupiga kanda tatu zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Ndani ya kila ukanda, antena ina nguvu zaidi katikati kuliko kwenye kingo. Ili nchi kavu isionekane imefifia kingoni, programu ya kuandaa picha huzikuza namba za kingoni. Inapokuza mwangwi, hukuza na kelele pamoja nao. Juu ya msitu au mji huwezi kuliona hilo, kwa kuwa mwangwi ni mkubwa. Juu ya maji tulivu, katika VH, kelele iliyokuzwa ndiyo picha yenyewe. Na pale ukanda mmoja unapokutana na mwingine, kiwango cha kelele huruka ghafla.

Hiyo ni kelele ya kwanza. Ya pili ni madoadoa, ile hali ya picha za rada kuonekana zimemwagiwa mchanga. Ndani ya pikseli moja mna vitu vingi vinavyorudisha mwangwi. Miangwi hiyo midogo mara hujumlishana, mara huuana. Kwa mtazamo mmoja usiofanyiwa wastani wowote, namba huyumba kwa kiasi kilekile cha wastani wake. Katika picha waliyotumia vijana, iliyokwisha kufanyiwa wastani wa mitazamo kama 4.4, kuyumba hushuka hadi karibu nusu ya wastani. Madoadoa hayatokani na ubovu wa kipokezi. Hata mtambo usio na kelele kabisa ungekuwa nayo, na kuongeza nguvu ya kutuma hakuyapunguzi hata kidogo.

Hapa ndipo kazi ya vijana ilipokwama, na nimeona wengi wakikwama papo hapo. Walipoona picha ina mchanga waliichuja: wastani wa pikseli 7 kwa 7. Mchanga ukaisha, picha ikawa laini, wakaamini kelele imekwisha. Mtu anayenunua dagaa mbichi Mwaloni Kirumba anaweza kuwaeleza kwa nini haikwisha. Ukipima dagaa wakiwa ndani ya ndoo, na mshale wa mizani unatikisika, utapima mara kadhaa na kuchukua wastani. Wastani utakupa jibu tulivu, lakini ndoo bado imo. Pima hata kutwa nzima, uzito wa ndoo hautapungua. Madoadoa ni mtikisiko wa mshale. Kelele ya mtambo ina mtikisiko wake pia, lakini juu ya hayo ina uzito, na uzito huondolewa kwa kutoa, si kwa kuchuja. Na kama wauzaji wawili wana ndoo za uzito tofauti, anayesahau kuutoa ataamini mmoja wao ana dagaa wengi zaidi.

Tena ile ya 7 kwa 7 haikuwa na nguvu waliyoidhania. Pikseli 49 si vipimo 49. Katika picha hii pikseli ina mita 10, lakini uwezo wa rada kutenganisha vitu ni kama mita 20 kwa 22, hivyo pikseli jirani kwa sehemu kubwa zinarudia habari ileile.

Mkanda ulivyojitaja

Dhana zilikuwa nne. Huenda ni magugu kweli na mzee hakuyaona gizani. Huenda ni upepo uliovuma kwenye ukanda mwembamba. Huenda ni mvua, maana radi za alfajiri juu ya ziwa hili ni jambo la kawaida na matone yakipiga maji huchafua uso na kuongeza mwangwi. Au ni mtambo.

Mvua niliiondoa kwa kutazama tu: mabaka ya mvua ni ya mviringo yaliyochanika, hayana ukingo mnyoofu wa makumi ya kilomita. Upepo ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu upepo wa nchi kavu unaotoka kati ya vilima huweza kuacha michirizi mirefu. Lakini upepo hutia alama kwenye VV, chaneli ambayo haijageuka mkao, kwa nguvu kuliko kwenye VH. Katika VV mkanda haukuonekana. Kitu kilichopo kwenye chaneli dhaifu na kisichokuwepo kwenye ile yenye nguvu ni cha kutiliwa shaka.

Kisha mwinamo. Setilaiti hii hupita Mwanza asubuhi ikishuka kutoka kaskazini, na njia yake haielekei kusini kamili. Huinama upande wa magharibi kwa zaidi kidogo ya nyuzi 10. Mkanda wa kijani ulikuwa na mwinamo uleule. Magugu hayana habari na njia ya setilaiti.

Kilichomaliza ubishi ni faili la maelezo linalokuja na kila picha. Ndani yake mna jedwali la kelele, namba zinazosema kiwango cha kelele kwa kila sehemu ya upana wa picha. Mara nyingi hakuna anayelifungua. Tulikata mstari kutoka mashariki hadi magharibi juu ya maji matupu, tukachukua wastani wa safu nyingi ili madoadoa yatulie, kisha tukachora juu yake namba za jedwali. Mistari miwili ilipanda pamoja, ikashuka pamoja, na ikaruka mahali pamoja: pale ukanda wa kwanza unapokutana na wa pili. Ndipo ulipokuwa ukingo mnyoofu wa magugu.

Tukaangalia pia picha ya siku 12 nyuma, ya njia ileile, siku ambayo ziwa lilichafuka. Mkanda ulikuwepo lakini umefifia sana. Kelele ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni maji, yaliyokuwa sasa yanarudisha mwangwi wa kutosha kuifunika.

Namba zinasaidia kuona ukubwa wa jambo. Chukua maji tulivu ambayo mwangwi wao wa kweli katika VH ni desibeli -32. Chukua kelele ya -30 katikati ya ukanda na -26 ukingoni. Rada hupima jumla ya mwangwi na kelele. Katikati itasoma karibu -27.9, ukingoni karibu -25. Ziwa ni lilelile, limelala vilevile, lakini ramani ina tofauti ya desibeli 2.9, yaani ukingo unaonekana kung'aa karibu mara mbili ya katikati. Siku ya upepo, maji yakipanda hadi -24, katikati husomeka -23 na ukingoni -21.9. Tofauti imebaki desibeli 1 na kitu.

Mahali pa kukatia

Bado kuna swali: hata kama ukingo unang'aa mara mbili, kwa nini uitwe magugu? Magugu mazito katika VH huwa juu sana, karibu -17 kwa hesabu zetu hapa. Nani aliweka mpaka wa magugu chini ya -25?

Hakuna aliyeuweka. Programu iliutafuta yenyewe, kwa mbinu ya Otsu ya mwaka 1979, inayotazama namba zote za picha na kutafuta mahali pa kuzikata ili zipatikane makundi mawili yaliyotengana vizuri. Mbinu ni nzuri na imewasaidia wengi. Sharti lake ni kwamba makundi mawili unayoyataka yawemo kweli, na kwa wingi wa kutosha. Vijana walikuwa wameshaondoa nchi kavu, jambo la busara, wakabaki na ziwa. Ndani ya ziwa magugu yalikuwa sehemu ndogo mno ya pikseli zote. Makundi mawili makubwa yaliyobaki yalikuwa maji ya katikati ya ukanda, karibu na -28, na maji ya ukingoni, karibu na -25. Mbinu ikakata katikati yao, kwenye -26 hivi, kama ilivyoagizwa. Ilitenganisha maji na maji, na programu ikaita upande mmoja magugu.

Kwa kikomo hichohicho, siku ile ya upepo ziwa zima lingekuwa magugu. Nadhani hilo lingewashtua mapema, lakini kikomo kilikuwa kinatafutwa upya kila picha, kwa hiyo kosa lilijirekebisha kiasi cha kutosha ili lisionekane.

Kutoa ndoo

Tiba ya kwanza ni hatua moja katika SNAP, programu ya bure ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya: kuondoa kelele ya joto kabla ya kitu kingine chochote. Vijana waliiruka kwa kuwa mwongozo waliofuata haukuwa nayo. (Anayechukua picha hizi kutoka Google Earth Engine hukuta hatua hiyo imeshafanywa, na kwa hiyo huenda asijue hata kama ipo.) Programu husoma lile jedwali na kutoa kelele kwenye kila pikseli.

Baada ya kutoa, mkanda uliisha karibu wote. Lakini kutoa hakurudishi kilichopotea. Rudi kwenye mfano wetu wa ukingoni: wastani wa kweli ni desibeli -32, huku jumla iliyopimwa ni -25 na inayumba kwa karibu nusu yake. Ukitoa kelele, kinachobaki kina wastani sahihi, lakini kuyumba kwake ni zaidi ya mara mbili ya wastani huo. Zaidi ya theluthi moja ya pikseli zitatoka hasi. Ni dagaa wenye uzito chini ya sifuri, na hakuna desibeli ya namba hasi, kwa hiyo programu huziweka sifuri au huziacha wazi. Hapo makosa huingia kwa mlango wa nyuma: ukichukua wastani wa zilizobaki tu, umezitupa zote zilizoyumba kwenda chini na kuziacha zilizoyumba kwenda juu. Wastani unapanda, na ukingo unaanza tena kung'aa kidogo.

Kwa hiyo utaratibu una maana. Toa kelele ukiwa bado kwenye namba za nguvu, si desibeli, ziache hasi ziwe hasi kama chombo chako kinaruhusu, fanya wastani, desibeli iwe mwisho kabisa. Na ujue bei yake. Kwenye ukingo huo, ukitaka kuyumba kushuke hadi robo ya wastani wa maji, unahitaji vipimo huru kama 90. Kila kimoja ni mita 20 kwa 22, basi unazungumzia karibu hekta 4 za maji ili kupata namba moja ya kuaminika.

Je, inahitajika hivyo kwa magugu? Kwa magugu yaliyosongamana, la. Yako desibeli 8 juu ya chochote ambacho ukingo unaweza kutoa, yanaonekana tu. Shida ni magugu machanga yaliyotawanyika. Pikseli ambayo sehemu moja ya kumi yake imefunikwa hurudisha mwangwi wa karibu -26. Katikati ya ukanda huo ni uwiano wa desibeli 4 juu ya kelele. Ukingoni ni sifuri. Magugu yaleyale, siku ileile, yanaweza kuonekana mahali pamoja na yasionekane kilomita chache kando, na aliyechora ramani akaandika "maji safi" kwa sababu tu hakusikia kitu.

Kuna wanaouliza kwa nini setilaiti isitume kwa nguvu zaidi. Umeme wake ni wa paneli za jua. Antena ina urefu wa mita 12.3 na haiwezi kukunjuliwa ikawa kubwa zaidi. Isitoshe, upo uchafu unaokua pamoja na nguvu. Daraja la Kigongo–Busisi ni mfano wa hapa nyumbani: linarudisha mwangwi mkali kiasi kwamba rada za namna hii huweza kuweka kivuli chake hafifu juu ya maji matulivu kilomita kadhaa mbali na daraja lenyewe, kwa sababu mtambo hupima kwa vipande na baadhi ya miangwi huhesabiwa mahali pasipo pake. Ukiongeza nguvu, daraja na kivuli vyote vinapanda sawa. Huo si ubishi wa kelele tena.

Rangi ya tatu

Ramani ya pili ilikuwa na rangi tatu juu ya maji. Kijani kwa magugu yaliyo juu ya kikomo kilichowekwa kwa mkono, kutokana na sehemu ambazo wavuvi walithibitisha kuwa zina magugu. Buluu kwa maji ambayo, kwa kelele ya mahali pale, magugu machanga yangeonekana kama yangekuwepo, na hayakuonekana. Kijivu kwa mahali ambapo yasingeonekana hata kama yapo.

Mkanda wa zamani ukawa wa kijivu sehemu kubwa, na mwenyekiti wa wafugaji hakufurahi. Alisema walilipia kujua, si kuambiwa haijulikani. Binti alimjibu kwa heshima, "Mwenyekiti, ile ya kwanza nayo haikuwa inajua, ila ilikuwa na rangi nzuri." Kisha akamwonyesha kwamba kijivu kingi kiko maji mapana ambako hakuna vizimba. Vizimba vya mwanachama mmoja tu ndivyo vilivyoangukia ndani yake. Wakakubaliana kwamba asubuhi ya siku ya setilaiti mlinzi wa vizimba hivyo atapiga picha nne kwa simu, moja kila upande, na kuzituma kwenye kundi lao.

Mwenyekiti alikuwa na ombi jingine, nalo lilikuwa la akili: kama maji yaliyochafuka hufunika kelele, basi ramani zichorwe za siku za upepo tu. Ingekuwa sawa kama ishara tunayoitafuta ingekuwa maji. Sisi tunatafuta majani, na maji yakianza kurudisha mwangwi huwa nayo ni kelele kwa mtafuta majani. Ile pikseli yenye magugu sehemu moja ya kumi, katikati ya ukanda na ziwa limetulia, hung'aa zaidi ya mara mbili ya maji yanayoizunguka. Siku ya upepo hung'aa kwa theluthi moja tu zaidi yake. Uwiano wa mtambo umepanda, na magugu yamepotea. Ziwa lililotulia ndilo linalotufaa, pamoja na kelele zake zote, mradi tuzitoe.

Ziwa lilipochafuka tena siku ya setilaiti, kijivu kilifunika karibu maji yote ya nje na sehemu ya ghuba. Kikundi hakikutuma ramani. Kilituma ujumbe mmoja kwa wafugaji wote: leo rada haiwezi kutofautisha magugu machache na mawimbi, kila mmoja aangalie vizimba vyake kwa macho kabla ya saa nne asubuhi.